Usaili kwa Video: Tunaomba Chumba Chenye Dari

Hotuba kwa kamati za parokia na wafadhili, Berega

Ndugu wajumbe wa kamati za parokia, ndugu wafadhili,

Leo hatukuja kuomba dawa wala mabati. Tumekuja kwa jambo la usaili wa watumishi wetu wa afya wanaoomba nafasi za masomo, ambao siku hizi mara nyingi hufanyika kwa video.

Kwanza tuondoe utata. Kijana wa kidato cha nne anayeomba chuo cha uuguzi au cha matabibu, kama kile cha Kilosa, hupimwa kwa ufaulu wake, hasa Kemia, Baiolojia na Fizikia. Usaili humkuta baadaye, akiwa muuguzi anayeomba ufadhili au daktari anayetafuta ubingwa. Marekani, korona ilipoingia, umoja wa vyuo vya tiba, AAMC, ulishauri Mei 2020 kwamba madaktari wanaoomba mafunzo ya ubingwa wasailiwe kwa video. Uingereza nayo ilifanya hivyo. Korona ilipungua, video ikabaki.

Kwa hospitali ya kijijini kama hii ya Berega, hiyo ni nafuu kubwa. Daktari akienda Dar es Salaam kwa usaili wa nusu saa, wodi inamkosa siku mbili au tatu, na mama mwenye uzazi pingamizi hawezi kumsubiri arudi. Nauli na gesti mtazihesabu. Pengo katika chumba cha upasuaji mtalihesabuje?

Lakini mzigo haukuondoka, umehamia kwa msailiwa. Sasa yeye ndiye atafute mtandao, umeme na mahali patulivu. Mikumi iko kwenye barabara kuu; Berega iko ndani, na mawimbi ya simu hayafiki kila kona kwa nguvu ileile. Mvua ikipiga bati, wasaili hawasikii neno. Mtandao ukikwama katikati ya jibu, wao wanaona mtu anayesita, kumbe jibu alikwisha kulitoa. Mtu aliyepasua wajawazito usiku kucha kwa taa ya mkononi anaweza kuonekana hajui kazi!

Kuna na saa. Barua ikiandika 9:00, wengi wetu tutasoma saa tisa, kumbe ni saa 3 asubuhi. Tena iulizwe ni ya wapi: 9:00 ya London ni saa 6 mchana kwetu wakati wa baridi yao, na saa 5 asubuhi wakati wa kiangazi.

Na kuna lugha. Muuguzi wa hapa anashinda akiuliza wagonjwa kwa Kiswahili na Kikaguru. Kisha kwa dakika ishirini anatakiwa aeleze kazi hiyohiyo kwa Kiingereza, akitazama kijitundu cha kamera badala ya uso wa mtu. Hilo linahitaji mazoezi, na walimu wastaafu mnao katika parokia zenu. Wakae naye jioni mbili tatu, wamuulize, wamkatize, wamuulize tena.

Tunachoomba kwa kila parokia ni chumba kimoja chenye dari, meza, na mlango unaofungika. Wafadhili tunawaomba betri na paneli ya sola, kompyuta ndogo moja, na bando la mitandao miwili tofauti, ili mmoja ukigoma mwingine ushike. Asailiwe yeyote wa eneo hili, wa hospitali ya kanisa au zahanati ya serikali, bila kuulizwa dhehebu lake.

Tahadhari moja: anayedai pesa kwa simu ili atume kiungo cha usaili asilipwe. Piga kwanza simu chuoni, kwa namba ya chuo chenyewe.

Fomu za kuandikisha vyumba ziko kwa makatibu wenu. Andikeni jina la atakayeshika ufunguo, na zirudi kabla ya masika kuharibu barabara.