Motokaa Iliyojua Siku ya Mtihani

Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno manne: MOSHI, KIPIMO, MKOPO, RIBA. Wanafunzi wayasome kwa sauti mara mbili, kisha wafunge daftari na kusikiliza.

Leo nataka kuwaeleza habari za motokaa zilizotengenezwa na kampuni kubwa ya Ujerumani, Volkswagen, ambazo zilikuwa na udanganyifu ndani yake. Kisha tutatazama jinsi watu wanavyonunua motokaa katika Marekani, kwa maana wengi hawanunui kwa fedha zilizo mkononi, bali kwa mkopo. Mambo haya mawili yana ujamaa, na ujamaa wenyewe mtauona tutakapofika kwenye hesabu.

Tuanze na moshi. Mnajua kwamba motokaa nyingine hutumia petroli na nyingine hutumia dizeli. Mtambo wa dizeli una sifa nzuri: una nguvu, nao hauli mafuta mengi katika safari ndefu. Lakini una aibu yake. Ndani ya mtambo huo hewa hubanwa sana mpaka inakuwa ya moto mkali, na mafuta huwaka humo. Joto hilo huunganisha sehemu mbili za hewa tunayovuta kila siku, naitrojeni na oksijeni, zikawa gesi nyingine yenye madhara. Gesi hiyo si ule moshi mweusi mnaouona nyuma ya lori bovu. Bomba laweza kuonekana safi kabisa, na gesi inatoka. Huchoma mapafu, mwenye pumu huzidiwa, na mji wenye motokaa nyingi hufunikwa na ukungu mchafu.

Kwa hiyo serikali ya Marekani imeweka sheria kali. Kila namna ya motokaa, kabla ya kuuzwa, lazima ipimwe. Na sikilizeni jinsi inavyopimwa, maana hila yote imejengwa hapo. Motokaa huingizwa ndani ya nyumba, na magurudumu yake yanayoendesha huwekwa juu ya mapipa ya chuma yanayozunguka. Dereva hukanyaga mafuta, magurudumu yanakimbia, lakini motokaa haiendi popote. Chombo cha kupimia huunganishwa na bomba la moshi, na kila kitu huandikwa.

Sasa wahandisi wa Volkswagen walikuwa na shida. Kuna njia mbili za kuisafisha gesi ile. Ya kwanza ni mtego unaoinasa, lakini mtego huo hula mafuta zaidi na huchakaa. Ya pili ni kunyunyizia dawa ya maji yenye urea, ile ile ijulikanayo na wakulima katika mbolea, lakini dawa hiyo hutaka tangi lake, na tangi hutaka kujazwa. Kampuni ilitaka kuuza motokaa yenye nguvu, isiyokula mafuta mengi, ya bei ya kadiri, tena safi. Vitu hivyo vinne havikupatikana pamoja. Basi vitatu wakavitengeneza, na cha nne wakakiigiza.

Waliigizaje? Motokaa za siku hizi zina kompyuta inayoongoza mtambo. Katika kompyuta hiyo walitia programu iliyotazama usukani, mwendo, muda ambao mtambo umewaka, na kanieneo ya hewa. Fikirini wenyewe: magurudumu yanakimbia maili hamsini kwa saa, na usukani haugeuki hata kidogo. Ni barabara gani hiyo? Hakuna. Ni nyumba ya kupimia tu. Kompyuta ikitambua hivyo, ilivitia nguvu vyombo vya kusafisha, na gesi ikatoka kidogo kama sheria itakavyo. Motokaa ikirudi barabarani, vyombo vikalegezwa. Ni sawasawa na mwenye duka aliye na mizani mbili, moja ya kumwonyesha mkaguzi wa serikali, na nyingine ya kuwapimia wateja wake.

Motokaa hizo ziliuzwa Marekani kwa jina la "dizeli safi". Jetta ya dizeli ya mwaka 2009 ilipewa tuzo na gazeti moja la huko kuwa ndiyo motokaa isiyochafua hewa kuliko zote za mwaka huo. Aliyeinunua mpya aliweza kupunguziwa kodi dola 1,300 na serikali. Mimi naona hapo ndipo pabaya kuliko pote. Mtu asiyejali moshi hakudanganywa kwa lolote. Aliyedanganywa ni yule aliyejali, akatoa fedha zake kwa ajili ya hewa ya jirani yake.

Hila hiyo iligunduliwa na watu wachache wa Chuo Kikuu cha West Virginia, pamoja na mkubwa wao, Dan Carder. Hawakuwa wanamtafuta mwizi. Walitaka tu kujua motokaa za dizeli zinatoa gesi kiasi gani zikiwa barabarani, si ndani ya nyumba. Basi walichukua motokaa tatu, wakafunga chombo cha kupimia nyuma, wakaziendesha mjini Los Angeles na milimani, na moja wakaiendesha hata Seattle na kurudi. Mbili zilikuwa za Volkswagen. Jetta ilitoa gesi mara 15 mpaka mara 35 kuliko kiasi cha sheria. Passat ilitoa mara 5 mpaka mara 20. Ya tatu, ya kampuni nyingine, kwa sehemu kubwa ilikuwa sawa.

Taarifa yao ilitoka Mei 2014. Kampuni ilisema ni hitilafu ndogo za ufundi, ikaziita motokaa zirekebishwe. Wakaguzi wa jimbo la California wakapima tena, wakakuta gesi bado ni nyingi. Wakauliza tena, na tena. Mwishowe walisema kwamba motokaa za mwaka 2016 hazitapewa ruhusa ya kuuzwa mpaka jambo hili lielezwe, na hapo ndipo kampuni ilipokiri. Tarehe 18 Septemba 2015 serikali ya Marekani ikatangaza habari hiyo kwa watu wote. Njia ya mwongo ni fupi, lakini hii ilikuwa imekwenda tangu motokaa za mwaka 2009.

Katika Marekani motokaa zilizotajwa siku hiyo zilikuwa kama 482,000. Dunia nzima zilifika karibu milioni 11. Mkubwa wa kampuni, Martin Winterkorn, alijiuzulu kabla juma halijaisha. Kampuni ilikiri makosa ya jinai mbele ya mahakama ya Marekani mwaka 2017, na wafanyakazi wake wawili wakafungwa huko, mmoja miezi 40 na mwingine miaka 7. Nchini Ujerumani, katika mji wa Braunschweig, wakubwa wanne wa zamani walihukumiwa Mei 2025.

Na watu waliovuta gesi ile? Wachunguzi wa MIT na Harvard walikadiria mwaka 2015 kwamba moshi wa ziada wa motokaa hizo ulikuwa umefupisha maisha ya watu wapatao 59 katika Marekani. Huwezi kumtaja hata mmoja kwa jina. Hakuna familia iliyoambiwa kwamba mzee wao alikuwa miongoni mwa hao.

Sasa wanafunzi wafungue daftari, maana tunakuja kwenye mkopo.

Zamani mtu wa Marekani aliyetaka motokaa alitoa fedha taslimu. Mwaka 1919 kampuni ya General Motors iliunda kampuni nyingine, ambayo kazi yake ilikuwa kuwakopesha wanunuzi: chukua motokaa leo, ulipe mwezi kwa mwezi. Henry Ford hakupenda. Mwaka 1923 yeye alileta mpango wake: mnunuzi aweke fedha kidogo kidogo kila juma katika benki, na zikitimia bei, ndipo apewe motokaa. Sisi tungesema huo ndio mpango wa mtu mwenye akili. Lakini watu hawakuupenda, kwa sababu jirani aliyekopa alikuwa amekwisha panda yake, na aliyeweka akiba bado anakwenda kwa miguu. Mwaka 1928 Ford naye akaunda kampuni ya kukopesha. Wakati huo mkubwa wa General Motors, Alfred Sloan, alikuwa akibadilisha sura ya motokaa mwaka hata mwaka, ili ya mwaka jana ionekane kama nguo iliyopitwa. Motokaa haijaharibika, macho ya watu tu ndiyo yamebadilishwa. Mtu anakopa tena kabla vumbi la deni la kwanza halijatulia.

Mwaka 2015, mwaka ule ule wa habari ya moshi, madeni ya motokaa katika Marekani yalipita dola trilioni moja, yaani milioni mara milioni. Na muda wa kulipa umerefushwa, mpaka miaka sita, hata saba. Kwa nini muda urefushwe? Mwalimu, andika hesabu hii ubaoni. Ni mfano tu, lakini hesabu ni za kweli.

Motokaa ina bei ya dola 24,000. Riba ni dola 8 katika kila 100 kwa mwaka. Mnunuzi wa kwanza analipa kwa miaka mitatu, yaani miezi 36, dola 752 kila mwezi. Mnunuzi wa pili analipa kwa miaka sita, yaani miezi 72, dola 421 kila mwezi. Darasa lisimame hapa kidogo. Nani amepata motokaa kwa bei rahisi?

Wengi watasema wa pili, na muuzaji naye anataka mseme hivyo. Sasa zidisheni. 752 mara 36 ni 27,072. 421 mara 72 ni 30,312. Yule wa kwanza amelipa riba ya dola 3,072. Wa pili amelipa dola 6,312, zaidi ya mara mbili, kwa motokaa ile ile, rangi ile ile.

Mnaona sasa ujamaa wao? Moshi ulikuwa na kipimo cha ndani ya nyumba na kipimo cha barabarani. Mkopo nao una namba inayoonyeshwa dukani, ile 421, na namba nyingine inayokutana nawe njiani, mwaka baada ya mwaka. Tofauti ni hii: programu ya Volkswagen ilifichwa hata mkaguzi asiione, lakini hesabu ya mkopo yaweza kufanywa na mtu yeyote anayejua kuzidisha. Marekani ilitunga sheria mwaka 1968 kwamba mkopeshaji lazima aandike wazi gharama ya mkopo na riba yake kwa mwaka. Sheria hiyo ni njema, ila humfaa msomaji tu.

Kuna hatari nyingine. Motokaa hushuka bei upesi, na deni la miaka sita hushuka polepole. Kwa hiyo kuna miaka ambayo deni ni kubwa kuliko motokaa. Mfikirieni mtu aliye katika hali hiyo siku ile ya Septemba 2015. Ameamka, amesikia redioni kwamba motokaa yake ni ya udanganyifu, na hakuna anayeitaka. Thamani imeanguka. Deni halikuanguka hata senti moja, na tarehe ya kulipa iko pale pale. Kuuza hawezi, maana atakachopata hakitoshi kulipa benki.

Katika Marekani mapatano ya mwaka 2016 yaliwaokoa watu wa namna hiyo. Kampuni ilikubali kuzinunua tena motokaa kwa thamani iliyokuwapo kabla ya habari kutoka, na kuongeza fidia isiyopungua dola 5,100 kwa wengi wa wenye motokaa. Na mwenye deni lililozidi kiasi alichostahili, kampuni ilimlipia deni hadi dola 130 kwa kila 100 za kiasi hicho. Mahakama ilijua, basi, kwamba wengi hawakuwa wenye motokaa kweli. Mwenye motokaa ni benki. Wajerumani walingoja mpaka 2020. Mwaka huo maelfu kwa maelfu walipewa kati ya euro 1,350 na euro 6,257, na mahakama kuu ya huko ikaamua kwamba aliyedanganywa aweza kurudisha motokaa apewe fedha zake, ikatwe sehemu kwa maili alizokwisha kwenda. Si kila mdanganyifu ana mfuko wa Volkswagen wa kulipia, na si kila mdaiwa hupata mwanasheria.

Labda mtu hapo nyuma anasema: sisi hatuna mikopo ya motokaa. Vema, lakini simu mnazo. Mkopo wa simu wa M-Shwari ulipoanza Kenya, Novemba 2012, ada yake ilikuwa shilingi 7 na nusu katika kila 100 kwa siku 30. Aliyekopa shilingi 2,000 alirudisha 2,150. Ni jambo dogo, na mwenye mgonjwa usiku hushukuru sana. Lakini anayelipa na kukopa tena kila mwezi kwa mwaka mzima hutoa ada ya shilingi 150 mara 12. Fanyeni hesabu hiyo. Ni shilingi 1,800, na zile 2,000 bado anadaiwa. Wazee wetu walisema, kukopa harusi, kulipa matanga.

Kazi ya juma hili ni hii. Kila mwanafunzi achukue kitu kimoja kinachouzwa kwa kulipa kidogo kidogo: pikipiki, redio, cherehani, au simu. Auulize maswali mawili dukani: nalipa kiasi gani kila mara, na mara ngapi? Azidishe. Kisha aulize bei ya taslimu, na aitoe. Kinachobaki akiandike kwa namba na kwa maneno, na chini yake aandike kitu gani cha nyumbani kingenunuliwa kwa fedha hizo. Muuzaji akikataa kusema ni mara ngapi, hilo nalo liandikwe.

Mwalimu asimlazimishe mtu yeyote kusoma deni lake mwenyewe mbele ya wenziwe. Kwa herini mpaka Jumanne.