Eliya Chini ya Mretemu



Jioni hii tuna jambo la kuungama. Tulikwenda kumwona mama mmoja wa kanisa letu ambaye hakuweza kuondoka kitandani. Chai yake ilikomaa shambani bila kuchumwa. Tuliimba, tukaomba, kisha tukamwambia imani yake imepungua. Tena mmoja wetu akamshauri avitupe vidonge alivyopewa na daktari. Akavitupa. Sisi tulirudi nyumbani tumeridhika, naye akazidi kuzama.

Hebu someni tena 1 Wafalme 19. Eliya, yule wa moto wa Karmeli, aliketi chini ya mretemu akaomba afe. Malaika hakumkemea. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamlisha mara ya pili.

Na sisi Wagusii tusiogope tiba ya kichwa. Wazee wetu walikuwa na omobari omotwe, aliyepasua ngozi ya kichwa na kukwangua fupa la mtu aliyeumizwa. Hata madaktari wa kigeni walikuja kumtazama.

Siku hizi iko tiba isiyopasua kitu. Mwaka 1985 Anthony Barker na wenzake, huko Sheffield, Uingereza, walionyesha kwamba sumaku yaweza kuamsha ubongo kupitia fuvu. Koili ya waya huwekwa juu ya kichwa, upande wa mbele. Umeme ukipita humo kwa mapigo, nguvu ya sumaku huzaa mkondo mdogo ndani ya ubongo. Mgonjwa huketi kitini, macho wazi, akarudi siku tano kwa juma, majuma manne hadi sita. Marekani iliikubali mwaka 2008 kwa wenye huzuni kuu ambao dawa haikuwasaidia. Si wote wanaopona, na mwenye chuma kichwani hukatazwa.

Hatusemi mwuze ng'ombe mkaitafute. Twaitaja kwa kuwa huzuni inayoweza kuondolewa na sumaku haikuwa uvivu, wala dhambi, wala kazi ya bibi kizee wa jirani. Kule Marani, Oktoba 2021, akina mama wazee wanne waliuawa kwa kudhaniwa wachawi.

Kwa yule mama tulirudi, tukaomba msamaha. Mmoja akachuma chai, mwingine akasonga ugali wa wimbi, wa tatu akapanda matatu pamoja naye hadi kliniki. Alipewa vidonge vilevile. Sasa twampitia kila jioni kumwuliza kama amevimeza.