BREKI ZA UNGA WA MADINI
(Hotuba kwa madereva na mafundi wa malori katika mkutano wa tawi)



Nimeombwa niseme juu ya breki. Pengine mtu atauliza: hayo si mambo ya mainjinia na wenye magari? Sivyo. Breki ikishindwa, wanaokufa ni dereva na taniboi wake. Breki ikitoa vumbi baya, anayelivuta ni fundi. Basi jambo hili ni letu.

Kazi ya breki ni kugeuza mwendo kuwa joto. Chukueni lori la tani 40 linaloshuka mlima wa kimo cha meta 300. Dereva akilizuia kwa breki peke yake, joto litakalotoka latosha kuchemsha madebe 17 ya maji baridi. Joto hilo lazaliwa pale lainingi inapokwaruzana na dramu.

Lainingi ya kawaida imeshikwa kwa gundi ya kiwandani. Joto likipita digrii 300 hivi, gundi huanza kuungua. Dereva akanyaga, gari halisikii. Ninyi mpitao Salgaa mwajua maana yake.

Zamani dawa ya joto ilikuwa asbestosi, kwa sababu haiungui. Lakini vumbi lake huleta kansa ya mapafu, na ugonjwa waweza kujificha miaka 20 hata 40 ndipo utokee. Uingereza iliikataza mwaka 1999, na Umoja wa Ulaya wote kuanzia 2005. Hata hivyo lori kuukuu au kipuri cha bei rahisi chaweza kuwa nayo bado.

Ndipo wataalamu wakatafuta njia nyingine, yaani madini. Huchukua unga wa shaba nyekundu au wa chuma, wakatia bati kidogo, grafiti kama ile ya penseli ili isikwame, na unga mgumu kama mchanga ili ishike. Mchanganyiko huo hushindiliwa kwa nguvu nyingi, kisha hutiwa katika tanuri lisilo na hewa ya kawaida ili usishike kutu. Hauyeyuki wote, bali chembe hushikana zikawa kitu kimoja. Hakuna gundi ya kuungua. Kwa hiyo breki za namna hii hutumika katika ndege, treni za mwendo wa kasi na matrekta.

Lakini tusidanganywe kwamba zimemaliza taabu. Madini hupitisha joto upesi, na joto hilo laweza kufika kwenye mafuta ya breki yakachemka. Tena hula diski, na hupiga kelele. Shaba nayo huchafua mito: jimbo la California, Marekani, lilipitisha sheria mwaka 2010 ya kuipunguza, nao watengenezaji wakalazimika kutafuta mchanganyiko mwingine. Tena kipande cha madini kisifungwe katika gari ambalo halikutengenezwa kwa ajili yake.

Basi, ndugu zangu, yapo mambo manne ya kushika:

1. Kila fundi aulize lainingi ina nini ndani. Isiyo na maandishi isifungwe.

2. Vumbi la breki, la aina yoyote, lisipulizwe kwa hewa ya kompresa wala kufagiwa likiwa kavu. Lilowanishwe kwanza. Nguo za kazi zisipelekwe nyumbani kwa watoto.

3. Dereva ateremke kwa gia ndogo. Hakuna lainingi, hata ya madini, iwezayo kushika mlima mzima peke yake.

4. Chama kidai kiti katika kamati ya usalama ya kila gereji. Anayenunua lainingi kwa kutazama bei tu haketi nyuma ya usukani, wala halali chini ya lori. Sisi tulio huko tuwe na neno kabla hazijanunuliwa.