Kaseti na Udhia Wake



Nimeombwa niseme neno juu ya ujana wa watu wa umri wetu hapa Bujumbura. Nadhani walioniomba walitaraji habari za vyuo, za biashara na za misiba tuliyoivuka. Hayo wapo watakaoyasema leo, nao watayasema vizuri kunipita. Mimi nimechagua jambo dogo, nalo ni kaseti na udhia wake. Watu waliokua pamoja hutambuana upesi sana kwa mambo yaliyowakera wote. Mwonyesheni mtu wa rika letu kaseti na penseli ya pembe sita, hatawauliza vitu hivyo vina ujamaa gani.

Kwa ajili ya wajukuu waliopo, yafaa nieleze kidogo. Kaseti ilionyeshwa kwanza na kampuni ya Philips mjini Berlin mwaka 1963. Ndani yake mna utepe ambao upana wake haufiki milimita 4, nao hupita kwa mwendo wa sentimita 4.76 kwa kila sekunde. Basi kaseti ya dakika 90, yaani 45 kila upande, huwa na utepe wa mita zipatazo 128. Sasa wajukuu na wafikiri redio inapoamua kuula utepe huo! Sauti ya msomaji huanza kulia kama mlango usiotiwa mafuta, kisha hunyamaza. Ukifungua kifuniko, matumbo yote ya kaseti yako nje. Hapo ndipo penseli ilipohitajiwa, ipenye katika kitundu chenye meno sita, na kijana aketi barazani akizungusha pole pole, na kila apitaye ampe shauri ambalo hakuliomba.

Udhia wa pili ulikuwa mawe ya redio. Yakianza kufa, kaswida ya vijana ikawa ya wazee, nzito na ya kujikokota. Mawe yakaanikwa juani juu ya bati, yakarudi yakafanya kazi robo saa. Na robo saa hiyo kila mtu nyumbani alikuwa na haja nayo: baba alitaka habari za Idhaa ya Kiswahili ya BBC, iliyoanza mwaka 1957, mama alingoja Radio Tanzania Dar es Salaam kwa matangazo ya vifo, maana jamaa walikuwa Ujiji na Kigoma, na vijana walitaka taarabu. Hapana haja ya kusema nani alishinda.

Wale waliorekodi nyimbo kutoka redioni wanaijua hasira nyingine. Kijana ameketi saa nzima, vidole viwili juu ya vitufe viwili, akiungoja wimbo wake. Wimbo waja, na mtangazaji naye hanyamazi! Huusifu hadi beti la kwanza likapita, kisha hurudi kusoma salamu kabla wimbo haujakwisha. Nami sikuwahi kumwona aliyemsamehe.

Lakini ziko kaseti ambazo hazikutoka redioni, na kwa hakika hizo ndizo zilizonisimamisha hapa leo. Baada ya mwaka 1970 jamaa wengi wenye asili ya Oman walihama kutoka pande zetu za Afrika, na wengine wakaenda Dubai kutafuta riziki. Barua zikawa zaandikwa kwa sauti. Kaseti ilipewa msafiri, ikafika baada ya mwezi au miezi miwili, na nyumba nzima ikakusanyika kuisikiliza: shangazi ataja kila mtu kwa jina, auliza bei ya unga, alia kidogo, acheka, kisha mtoto asukumwa mbele ya kinasa sauti aambiwe, "Sema! Sema na bibi!" naye asiseme kitu.

Kisha ulikuja wakati wa kujibu, na kaseti mpya ilikuwa na bei. Kwa hiyo jibu lilirekodiwa juu ya ile ile barua. Sauti ya shangazi ilifutwa ili aulizwe hali yake. Hapana wa kulaumiwa. Ndivyo uwezo ulivyokuwa. Waliojua walikivunja kile kipande kidogo cha plastiki kilicho mgongoni mwa kaseti, isiweze kurekodiwa tena. Na vijana waliojua zaidi walikiziba kitundu hicho kwa karatasi, wakarekodi muziki.

Zilizosalimika ziko makabatini mwetu, ndugu zangu. Nimepata kuisikiliza moja ya maulidi. Jogoo awika katikati ya mlango wa barzanji, sufuria yaanguka jikoni, na mama mmoja auliza kwa sauti kuu ni nani aliyeliacha lango wazi. Bila shaka siku ile kelele hizo zilimuudhi mwenye kurekodi. Leo mtu aweza kumpata msomaji hodari kuliko yule popote atakapo. Mama yule hapatikani pengine po pote isipokuwa katika kaseti ile.

Nazo zaharibika. Joto hupinda plastiki, unyevu wa ziwa huleta ukungu, na mashine nzima za kuchezea zazidi kuwa adimu. Basi, tafadhali, msizijaribu katika redio kuukuu iliyolala miaka. Vunjeni kwanza kile kipande cha mgongoni. Zizungusheni kwa mkono, taratibu. Kichwa cha mashine kisafishwe kwa pamba na spiriti kabla ya kaseti kuingia. Chama kimepata mashine moja iliyo nzima, na vijana wetu watazihamisha sauti hizo katika kompyuta, kisha kila mtu arudishiwe kaseti yake.

Jambo ambalo vijana hawawezi kutufanyia ni kujua nani anasema. Kaseti nyingi hazina jina wala mwaka, na zile zenye jina mara nyingi limeandikwa la wimbo uliofutwa zamani. Karatasi za kuandikisha ziko mezani kwa Katibu, kando ya mlango wa kutokea. Tutaanza na kaseti za wale ambao wenye kuzitambua sauti zao wamebaki wawili watatu.