Kuacha Sigara na Kutoirudia

SOMO LA REDIO KWA MADARASA YA WATU WAZIMA

Nawasalimu ninyi mlio darasani Tandika, Keko na Mbagala, na ninyi wa Mwananyamala, Tandale na Kinondoni. Nawasalimu pia mlio majumbani, mnaosikiliza huku mikono ina kazi. Kila mmoja awe na kalamu na karatasi, maana leo tutaandika na tutapiga hesabu.

Leo tutazungumza juu ya kuacha sigara. Sitamgombeza mtu. Mvutaji amekwisha kugombezwa sana: na mkewe, na daktari, na hata pakiti yenyewe imeandikwa onyo. Anajua. Shida yake siyo kujua. Shida yake ni kwamba anaacha Jumatatu, na ikifika Alhamisi anavuta tena. Kwa hiyo swali letu ni hili: mtu apate wapi nguvu ya kuacha, na akiisha kuacha, apate wapi nguvu ya kutorudi?

Mimi mwenyewe nilivuta kwa miaka 16. Nilianza nikiwa kijana, kwa kuwaiga wakubwa barazani. Nilijaribu kuacha mara nyingi, na kila mara nilirudi. Sasa nitawaambieni ni siku gani niliacha kwa moyo.

Jioni moja nilimtuma mwanangu dukani. Umri wake ulikuwa miaka 7. Nilimwambia kama baba wengi wanavyosema: "Kaniletee sigara mbili, moja uje nayo imewashwa." Mtoto akaenda. Alipokuwa akirudi nilimwona kwa mbali, uchochoroni, anakuja polepole. Sigara ilitaka kuzimika. Akaitia mdomoni, akavuta, ikawaka. Akafika, akanipa kwa mikono miwili, kwa adabu, kama nilivyomfundisha.

Akasema, "Baba, nimeichunga isizimike."

Ndugu zangu, sigara ile sikuivuta. Siku zote nilikuwa nikijiambia kwamba sigara ni jambo langu peke yangu. Kumbe nilikuwa na mwanafunzi nyumbani, na somo alikuwa amekwisha kulishika. Tena fahamuni kwamba sheria ya nchi yetu ya mwaka 2003 inakataza kumwuzia sigara mtoto aliye chini ya miaka 18. Mwenye duka alikosa, lakini aliyemtuma mtoto alikosa zaidi, na aliyemtuma ni mimi.

SIGARA INAVYOMSHIKA MTU

Ndani ya tumbaku mna kitu kiitwacho nikotini. Mtu akivuta moshi, nikotini huingia mapafuni, hupita katika damu, na kwa muda wa kama sekunde 10 tu imefika kwenye ubongo. Huko humpa mtu utulivu kidogo. Lakini utulivu huo haukai. Baada ya muda ubongo unadai tena. Usipoupa, kichwa huwa kizito, hasira huwa karibu, na mikono haijui ishike nini.

Hapo mvutaji huwasha nyingine, akatulia. Husema, "Sigara imeniondolea taabu." Ni kweli, imemwondolea taabu; lakini taabu yenyewe ililetwa na sigara. Ni kama mtu achukue fedha mfukoni mwako, kisha akukopeshe fedha hizo hizo, nawe ukamshukuru.

Pamoja na nikotini, moshi una sumu nyingine nyingi. Sote tunajua kwamba si vizuri kulala na jiko la mkaa linalowaka katika chumba kilichofungwa. Iko hewa ya sumu itokayo kwenye mkaa, haina rangi wala harufu, nayo huua. Hewa hiyo hiyo, kwa kiasi kidogo, imo katika moshi wa kila sigara. Imo pia lami, ambayo hushika ndani ya mapafu. Kwa sababu hiyo uvutaji huleta saratani, ambayo wengi huiita kansa, na huleta maradhi ya moyo, kiharusi, na ugonjwa wa mapafu wa kukosa pumzi. Tena humfanya mtu apatwe upesi zaidi na kifua kikuu.

Wala moshi haumdhuru mvutaji peke yake. Wengi wetu tunaishi katika nyumba za kupanga, vyumba sita, korido katikati, na baba, mama na watoto wamo katika chumba kimoja. Baba akivuta chumbani, wote wamevuta. Shirika la Afya Duniani linasema tumbaku huua watu zaidi ya milioni 7 kila mwaka, na katika hao zaidi ya milioni moja ni watu ambao hawavuti, bali huvuta moshi wa wenzao.

DAKTARI ALIYEACHA

Sasa nitawapa habari ya daktari mmoja wa Uingereza, Richard Doll. Mwaka 1950, yeye na mwenzake Austin Bradford Hill walitoa matokeo ya uchunguzi walioufanya katika hospitali za London. Waliwauliza wagonjwa habari za maisha yao, wakaona kwamba karibu wote wenye saratani ya mapafu walikuwa wavutaji. Doll mwenyewe alikuwa mvutaji. Alipoona hesabu zake zinavyosema, aliacha.

Kisha mwaka 1951 wakawaandikia barua madaktari wa Uingereza kuwauliza kama wanavuta. Madaktari wanaume zaidi ya 34,000 walijibu, na watu hawa waliangaliwa kwa miaka 50. Matokeo yalitolewa mwaka 2004. Yalionyesha kwamba aliyevuta bila kuacha alikufa mapema, kwa wastani wa miaka 10 hivi, kuliko asiyevuta kamwe.

Lakini sikilizeni upande wa pili, maana huu ndio wa furaha. Aliyeacha akiwa na umri wa miaka 60 alijiokolea miaka kama 3. Aliyeacha akiwa na 50, miaka kama 6. Aliyeacha akiwa na 40, miaka kama 9. Na aliyeacha akiwa na 30 aliokoa karibu yote 10.

Kwa hiyo, mzee wangu unayesema, "Mimi nimekwisha kuvuta sana, kuacha sasa kutanifaa nini?" jibu lako ndilo hilo. Miaka mitatu yatosha kumwona mjukuu akianza shule na akajifunza kusoma.

Na mwili hauchelewi. Dakika 20 baada ya sigara ya mwisho, mapigo ya moyo huanza kushuka. Baada ya siku moja au mbili, ile hewa ya sumu huwa imetoka katika damu. Baada ya wiki kadhaa, pumzi huwa nyepesi na kikohozi hupungua. Baada ya mwaka mmoja, hatari ya ugonjwa wa moyo huwa kama nusu ya ile ya mvutaji.

HESABU YETU

Shikeni kalamu. Tuseme mtu anavuta sigara 5 kwa siku, na ananunua moja moja kwa shilingi 200. Andikeni pamoja nami:

Siku moja: 5 mara 200 ni shilingi 1,000.
Mwezi wa siku 30: shilingi 30,000.
Mwaka wa siku 365: shilingi 365,000.

Anayenunua moja moja haoni kitu, kwa sababu mia mbili haimwumi mtu. Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba. Hapa haba na haba zinamwaga kibaba. Sasa futeni bei yangu, wekeni bei ya dukani kwenu na idadi yenu. Halafu mwulizeni mwenye duka la vifaa vya ujenzi fedha hiyo ingenunua bati ngapi.

SABABU, SIKU, NA WENZIO

Wako watu wanaosema, "Siwezi kukaa bila sigara." Nawauliza: je, Ramadhani? Mvutaji anayefunga hukaa tangu alfajiri hadi magharibi bila sigara, siku 29 au 30. Wako wanaofungua kwa sigara kabla hata ya tende, hilo nalijua. Lakini mchana kutwa aliweza. Aliwezaje? Kwa sababu alikuwa na mambo matatu. Alikuwa na sababu iliyo kubwa kuliko sigara. Alikuwa na siku iliyojulikana ya kuanza. Na alikuwa na wenzake waliofunga pamoja naye. Mkristo aliyefunga Kwaresima naye anajua mambo haya.

Basi na tuyachukue matatu hayo.

Kwanza, sababu. "Afya yangu" ni neno zuri, lakini ni pana mno. Halimshiki mtu saa nne ya usiku. Tafuta sababu yako mwenyewe, ndogo, yenye jina la mtu. Ninyi sasa mnajua kuandika. Iandikeni. Mimi niliandika: "Mwanangu asiichunge sigara yangu tena." Karatasi hiyo niliitia katika mfuko wa shati, ule ule ilipokuwa ikikaa pakiti. Kila mkono ulipokwenda mfukoni kwa mazoea, ulikuta karatasi.

Pili, siku. Chagua siku, usiseme "karibuni hivi". Siku ile ikifika, usibakize hata kipande juu ya dirisha. Toa kibiriti cha mfukoni, toa kisahani cha majivu. Wala usihamie kwenye ugoro, kiko au shisha; hizo ni tumbaku vile vile. Wiki ya kwanza ni ngumu. Utalala vibaya, utakasirika upesi. Wiki mbili hadi nne, kwa watu wengi, taabu hiyo hupungua sana. Na kila hamu inapokuja, haikai zaidi ya dakika chache. Kunywa maji, tembea mpaka mwisho wa mtaa, tafuna karafuu au karanga. Ukirudi, hamu imekwisha kupita.

Zifahamu pia saa zako za hatari. Zangu zilikuwa baada ya kula, na jioni kwenye kahawa, wenzangu wakicheza bao. Kahawa sikuiacha, ila mwezi wa kwanza nilikunywa nyumbani.

Tatu, wenzio. Waambie watu wa nyumbani, ili wakuvumilie ukiwa mkali. Waambie rafiki zako wasikupe hata ukiomba. Na kama yuko jirani anayetaka kuacha, acheni pamoja. Aliyezidiwa na hamu ampigie mwenzake simu.

NIKITELEZA JE?

Sasa nitasema jambo ambalo linaniaibisha kidogo. Baada ya wiki tano nilirudi. Ulikuwa msiba, huku Temeke. Marehemu alikuwa rafiki yangu tangu utoto. Usiku wanaume tulikaa nje juu ya mikeka, mtu mmoja akanyosha pakiti bila kusema neno, nami nikachukua. Kabla ya asubuhi nilikuwa nimevuta nne.

Kulipokucha nilijiambia, "Basi, nimeshindwa, nivute tu." Maneno hayo, ndugu zangu, ni mabaya kuliko zile sigara nne. Sigara nne ni usiku mmoja. Maneno yale yangeweza kunirudisha kwa miaka mingine 16. Mke wangu alipoisikia harufu hakunigombeza. Aliuliza tu, "Baba watoto, karatasi yako iko wapi?" Nikaitoa, nikaisoma tena mbele yake. Siku ile ile nikaanza upya, na tangu hapo sijavuta.

Wahenga walisema, kuteleza si kuanguka. Wengi walioacha kabisa walijaribu zaidi ya mara moja. Ukiteleza, jiulize: ilikuwa wapi, saa ngapi, na nani? Mimi nilijifunza kwamba msiba ni mahali pangu pa hatari. Sasa nikienda msibani, huomba kazi ya kuchota maji au ya kupanga viti, na hukaa karibu na mzee asiyevuta.

Ukishindwa peke yako, nenda kwa mganga wa zahanati au hospitali, umwambie wazi kwamba unataka kuacha. Siyo aibu. Na ukiwa na kikohozi cha wiki mbili au zaidi, usiseme ni cha sigara tu. Nenda ukapimwe kifua kikuu. Dawa zake katika nchi yetu hutolewa bila malipo.

MUHTASARI

Tumejifunza kwamba nikotini humfunga mtu, na moshi huwadhuru hata wasiovuta. Tumejifunza kwamba kuacha kunafaa katika umri wowote. Tumejifunza mambo matatu: sababu, siku, na wenzio. Na tumejifunza kwamba anayeteleza aanze tena siku ile ile.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Kwa nini mvutaji hudhani sigara humwondolea taabu?
2. Ni saa gani na mahali gani katika mtaa wenu ambapo ni vigumu kukataa sigara? Mtu afanye nini?
3. Je, watoto wa mtaa wenu hutumwa kununua sigara? Wazazi na wenye maduka wapatane vipi?
4. Piga hesabu: mtu anavuta sigara 8 kwa siku, na moja ni shilingi 200. Atatumia shilingi ngapi kwa mwezi wa siku 30?

KAZI YA NYUMBANI

Kila mvutaji aandike sababu yake kwa sentensi moja, na chini yake aandike siku yake. Asiyevuta aandike barua fupi kwa ndugu anayevuta, ya upole, isiyo na matusi. Msimpe mwalimu karatasi hizo. Zitieni mfukoni.