Tangazo Lisilo na Ushahidi



Anayeingia stendi ya mabasi ya Singida hupokewa na sauti za wapiga debe. "Manyoni hapa! Kiomboi hapa!" Hakuna aliyewauliza, wao hutangaza tu. Abiria mgeni husikia, huamini, hupakia mzigo. Mara nyingi hufika aendako. Lakini akimpata mpiga debe mwongo, atagundua kwamba njia siyo akiwa keshafika mbali.

Juma hili nataka tuzungumze juu ya wapiga debe wa aina nyingine, waliomo ndani ya ofisi zetu. Nao ni kompyuta.

Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ambao ujenzi wake ulianza mwaka 2009, umepita Singida. Halmashauri, hospitali na benki za mkoa huu hufanya kazi kwa mtandao. Ndani ya ofisi, kompyuta huunganishwa na kifaa kiitwacho swichi. Si ile ya kuwashia taa, bali kisanduku chenye matundu mengi ya kuchomeka nyaya.

Kila kompyuta katika mtandao huo ina namba mbili. Moja ni anwani iliyopewa, mithili ya namba ya nyumba. Ya pili iliwekwa kiwandani, mithili ya sura ya mtu. Ili ujumbe ufike, sharti ijulikane anwani fulani inakaliwa na nani. Kanuni ya kuulizana hivyo, iitwayo ARP, iliandikwa na David Plummer mwaka 1982. Kompyuta hupaza sauti: "Mwenye anwani hii ni nani?" Mwenyewe hujibu, na jibu huhifadhiwa kwa muda.

Lakini kompyuta huweza pia kujitangaza bila kuulizwa, na jambo hilo lina manufaa. Chukua ofisi yenye ruta mbili. Ya kwanza ikifa, ya pili hushika anwani ile ile na kutangaza: "Sasa niko mimi." Wote husahihisha kumbukumbu zao, kazi ikaendelea. Bila tangazo hilo, kompyuta zingeendelea kwa muda kupeleka barua kwa marehemu.

Tena iko adabu yake. Utaratibu uliotolewa mwaka 2008 unaitaka kompyuta ngeni ibishe hodi kwanza mara tatu, iulize kama anwani ina mwenyewe. Ikikosa jibu, ndipo ijitangaze mara mbili, kwa kupishana sekunde mbili.

Hatari iko wapi? Iko hapa: ARP haidai ushahidi. Mtu yeyote aliyechomeka kompyuta yake ukutani anaweza kutangaza kwamba yeye ndiye ruta, na wengine wakamwamini. Barua za ofisi nzima zitapitia kwake. Zisizofichwa kwa maandishi ya siri atazisoma. Akitaka, atazitupa zote.

Je, hakuna dawa? Ipo. Swichi zinazoweza kupewa maagizo zinaweza kutunza daftari la nani kapewa anwani gani, na kulinganisha kila tangazo na daftari hilo. Tangazo la uongo huishia kwenye tundu lilikoingilia. Lakini swichi nyingi hazifanyi hivyo mpaka fundi aziamuru. Naye hana budi aandikishe kwanza mitambo yenye anwani za kudumu, kama vile mashine za kuchapa. La sivyo mkweli atafungiwa mlango kama mwongo.

Katika Operesheni ya Anwani za Makazi ya mwaka 2022, nyumba zetu ziliandikishwa rasmi. Namba ya nyumba haikupatikana kwa kupiga kelele barabarani. Kwa nini basi ndani ya ofisi zinamotunzwa habari za wagonjwa na fedha za wananchi tukubali kelele?

Nawaambia wakuu wa ofisi: kununua kifaa si kumaliza kazi. Mwiteni fundi wenu, mumwulize swali moja tu: swichi zetu zinakagua matangazo, au zinaamini kila sauti? Akijibu kwamba zinaamini tu, mpeni muda na mafunzo ya kuzirekebisha. Kinga ni bora kuliko tiba, na kinga hii mara nyingi imo tayari ndani ya kisanduku mlichokwisha kukilipia.

Kwa leo naishia hapo.