Joto na Pepo za Ziwa Letu

Mtu yeyote wa Bukoba alalaye chini ya bati amepata kusikia jioni, ta! ta! juu ya kichwa chake, na watoto huuliza ni nani apitaye juu ya nyumba. Si mtu, wala si paka. Bati limeshinda juani, likapata joto, likatanuka. Jua lishukapo bati hupoa na kunywea, huvuta misumari, ndipo liliapo. Basi hii ndiyo habari yetu ya leo: karibu kila kitu kipatacho joto hutanuka, na kipoapo hunywea.

Lakini vitu havitanuki sawasawa. Kuna vitu vigumu, kama chuma na jiwe. Kuna vitu vya majimaji, kama maji na mafuta. Na kuna vitu vya namna ya hewa. Tuseme tuna lita 10 za chuma, lita 10 za maji, na lita 10 za hewa isiyofungiwa, zote zina joto la nyuzi 20, nasi tukazitia moto hata nyuzi 90. Chuma kitaongezeka kiasi cha vijiko vitano vya chai tu. Maji yataongezeka theluthi ya lita. Ndiyo sababu sufuria iliyojazwa pomoni humwagika kabla ya kuchemka. Na hewa? Hewa itaongezeka zaidi ya lita 2.

Asiyesadiki na ajaribu mwenyewe. Twaa chupa tupu iliyo baridi, ipindue, uutie mdomo wake katika bakuli la maji, kisha uikumbatie kwa viganja viwili. Baada ya kitambo utaona mapovu yakitoka. Ni hewa iliyo ndani: imepata joto la mikono yako, imetanuka, haina nafasi, yatoka.

Sasa twende ufukoni, kwa maana yaliyo katika chupa ndiyo yaliyo juu ya ziwa. Hewa itanukayo huwa nyepesi, nayo hupanda juu. Hewa baridi, iliyo nzito, huja kushika mahali pake. Mwendo huo ndio tuuitao upepo. Mchana jua huiotesha nchi kavu upesi, lakini maji hupata joto polepole. Hewa ya juu ya migomba na vilima vyetu hupanda, na upepo wa baridi huja kutoka ziwani, upande wa Musira. Usiku mambo hugeuka. Nchi hupoa upesi, lakini ziwa hukaa na joto lake. Hewa baridi huteremka vilimani kwenda ziwani, na pepo za ng'ambo nazo huja vivyo hivyo. Zikutanapo juu ya maji yenye joto, hewa hupanda kwa nguvu pamoja na mvuke wake, mvuke hupoa huko juu, yakawa mawingu makubwa, radi, na dhoruba.

Kisha upepo wa mashariki huzisukuma mvua hizo kuja kwetu. Kwa hiyo Bukoba hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na mara nyingi hunyesha alfajiri na asubuhi. Mvua hiyo ndiyo inywayo migomba yetu na mibuni yetu. Twaishukuru.

Lakini saa zile zile ndizo saa za ndugu zetu wavuvi wa dagaa, watokao na taa zao usiku wa giza. Mtu hutazama machweo, akaona mbingu nyeupe na maji yametulia kama mafuta katika sahani, akasema, "Leo ni salama." Ndugu, utulivu wa jioni si ahadi ya usiku, kwani kazi ya joto juu ya ziwa huanza wewe umekwisha kutoka. Basi kabla ya kusukuma mtumbwi, sikiliza habari za ziwa zitolewazo na Mamlaka ya Hali ya Hewa. Vaa koti la kuokolea. Na uonapo umeme ukimulika upande wa mashariki, usingoje wavu ujae. Rudi.

Nanyi wanafunzi, mliojua leo kwa nini bati hulia, waelezeni baba zenu na kaka zenu waendao ziwani. Kwaherini.